Nyigu na Godoro

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe, shemeji na watoto. Mgongo unaendeleaje? Nilipoisikia sauti yako kwenye simu nilijua bado unawanyanyua wagonjwa peke yako badala ya kuwaita wenzako wa wodini, na usinikatalie, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Mimi nina mafua yasiyoisha, ya kazini, kwa sababu wanafunzi wangu wa udereva wakishikwa na woga hufungua madirisha yote, mvua inyeshe isinyeshe. Baba anakula vizuri na anabishana vizuri zaidi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimejaribu kukupigia, na kila nikilikaribia jambo lenyewe naishia kukuuliza habari za hali ya hewa. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza. Tafadhali kaa chini, uisome mpaka mwisho, kisha ndipo unifokee.

Ulinipa kazi. Ulisema baba ameikwaruza nguzo ya geti, akasingizia kwamba geti limejengwa vibaya. Ulisema likizo inakaribia, wanao watakuja kwa babu yao, na hutaki wapakiwe na mtu ambaye huna uhakika naye barabarani. Ukaniambia kwa kuwa udereva ndiyo kazi yangu, nimpime bila yeye kujua, na akishindwa nimnyang'anye funguo. Na hilo wazo lake la gari jipya nilizime kabisa. Nilikubali, Dada, lakini roho iliniuma. Kumpima mtu aliyekufundisha kufunga kamba za viatu si jambo dogo.

Kuhusu gari jipya, sikulizima. Nilifanya kinyume. Alipoomba nimsindikize kwenye yadi ya magari akayajaribu mawili aliyokuwa akiyaota, niliona hapo ndipo pa kumpimia. Yeye angelipima gari, mimi ningempima yeye, na muuzaji angetupima sote mifuko.

Yalikuwa magari madogo yote mawili, ya milango mitano, yenye buti linalofunguka pamoja na kioo cha nyuma. Ukiyaona yameegeshwa utadhani ni ya kwendea sokoni. Kumbe chini ya boneti wameyafungia injini ambazo zingeweza kulivuta lori. Baba alishayapa majina kabla hajaingia hata moja. La kwanza, la kijivu, lenye ekzosi mbili na matairi mapana, alilibatiza Nyigu. La pili, jeupe, lenye viti vinene na vioo vya giza, alilibatiza Godoro. Muuzaji, mtu mzima mwenye tai fupi na maneno marefu, hakuyapenda majina hayo, ila alicheka kwa sababu ya biashara.

Tulianza na Nyigu. Muuzaji alikaa nyuma, mimi pembeni ya baba, kushoto kwake. Unajua kwamba maisha yake yote ya kazi aliendesha treni, yaani chombo kisicho na usukani. Aliniambia pale pale, kabla hajawasha, kwamba reli ndiyo iliyokuwa ikiamua kila kona, yeye akiongeza mwendo na kupunguza tu, na kwamba amezeeka akiwa na hamu ya kukata kona moja kwa mikono yake mwenyewe, kona ya maana. Gari lake lile bovu, alisema, halikati kona, linaomba ruhusa.

Basi akawasha. Dada, mimi si mtu wa kusifia magari, kwangu gari ni darasa lenye magurudumu. Lakini Nyigu alinishtua. Baba alipokanyaga mafuta kwenye gia ya pili, mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti na usukani ukaanza kumvutavuta baba mikono, kama mbuzi aliyeona majani. Springi zake ni ngumu. Kila shimo barabarani tulilihesabu kwa makalio. Lakini kwenye ule mzunguko mkubwa karibu na matenki ya maji Nyigu aliingia bila kulala upande wowote, akatoka akiwa na hamu ya mzunguko mwingine. Baba aliuzunguka tena, makusudi. Muuzaji nyuma alianza kukohoa. Baba alikuwa akicheka peke yake, kicheko ambacho sijakisikia tangu mama atutoke, na mimi nikasahau kabisa nilichotumwa.

Mikono yake ni mizuri, nakuambia kama mwalimu. Gia anazibadilisha kwa upole, klachi anaiachia bila papara, breki anaikanyaga mapema. Na lile zoea lake la kazini bado analo: kila ishara anaitaja kwa sauti. Kule kwenye treni walifundishwa kuitaja ishara kabla ya kuitii, ili mdomo usaidie jicho. Taa ya kijani, anasema kijani. Basi linakuja, anasema basi. Tulikuwa tukimcheka utotoni alipokuwa akivuka barabara nasi huku akitangaza kila kitu.

Tulipokuwa tunarudi ndipo kitu kikanigusa. Kulikuwa na kibao cha kusimama kwenye makutano, upande wa kushoto, kikubwa, chekundu. Baba alisimama, kwa sababu gari la mbele lilisimama. Lakini kibao hakukitaja. Nikaanza kusikiliza. Alitaja taa zilizoning'inia juu, alitaja lori lililokuja mbele yetu, alimtaja mwendesha pikipiki aliyetupita kulia. Wanafunzi waliokuwa wamepanga foleni ukingoni kushoto, wengi vile, na sare zao za njano, hakuwataja. Nikakumbuka pia kwamba njia nzima, kila aliponisemesha, aligeuza shingo yote kunitazama. Mimi nilidhani ni mapenzi ya mzazi.

Nikaomba nami nimjaribu Nyigu kidogo, baba akakaa pembeni. Sitakuficha, niliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kuendesha, na kwa hasira. Nilikuwa nikilikasirikia jambo ambalo bado sikutaka kuliamini. Baba alinitazama njia nzima bila kutaja ishara hata moja.

Kisha tukaingia Godoro. Hapa nikupe maoni ya haki, maana yule muuzaji alinisihi nisipendelee. Kwa nguvu, Godoro halizidiwi na Nyigu, pengine linamzidi. Gia linabadilisha lenyewe. Mashimo linayameza bila wewe kujua, na kwa barabara zetu hizo si sifa ndogo. Buti lake lingebeba mizigo ya wanao wote wawili na kelele zao. Isipokuwa halikuambii chochote. Unakata kona kwa kasi kubwa na mikono haina habari. Lina kengele, hata hivyo. Ukitoka kwenye mstari linalia, ukimkaribia mtu linalia, na usiposikia linajifungia breki lenyewe.

Nilimwomba baba apite njia ile ile. Karibu na duka la vioo, mtu mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni wa mabomba, ukingoni kushoto, akaanza kuingia barabarani kukwepa dimbwi. Nilimwona tangu mbali. Nilisubiri baba amtaje. Hakumtaja. Kengele ikalia, baba akauliza kwa utulivu kabisa inalilia nini. Mguu wangu ulikanyaga sakafu kwa nguvu zote, kutafuta ile breki ya mwalimu tuliyonayo kwenye magari ya shule, na bila shaka haikuwepo, nikabaki nalikanyaga zulia la watu. Gari likasimama lenyewe. Mwenye mkokoteni alitutukana ipasavyo, na alikuwa na haki.

Muuzaji alifurahi kama aliyepanga mwenyewe. Alisema tumejionea kwa macho yetu, hilo ndilo gari la mzee, linamwona kila mtu hata dereva asipomwona. Nami, Dada, kwa muda nilimsikiliza. Nilijiambia baba anunue Godoro, kengele zimlinde, tusimvunje moyo, nawe nikuambie amefaulu. Uongo huo nilikuwa nimeshaupanga kichwani, na ulikuwa mzuri.

Baba aliegesha pembeni, akazima injini, akamwomba muuzaji atupishe kidogo. Tulipobaki wawili aliniuliza kama siku hiyo nilikuja kulipima gari au kumpima yeye. Akasema kama ni yeye, basi nimpe matokeo yake kama ninavyowapa wengine, injini ikiwa imezimwa na jambo baya likitangulia, maana amenisikia mara nyingi nikijisifu kwamba ndivyo ninavyofanya.

Nikampa. Nilimwambia amefeli. Nilimwambia mikono yake ni bora kuliko ya mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye, lakini upande wa kushoto haoni, na gari linaloona kwa niaba ya mtu halimfanyi mtu huyo kuwa dereva. Machozi yalinitoka, mimi niliyewafelisha watu wazima wakalia bila mimi kupepesa. Nilimwambia pia kwamba wewe na mimi tulipanga. Samahani, nimekutaja. Nisingeweza kumwacha aamini kwamba ni fitina ya mtu mmoja.

Hakukasirika. Hapa ndipo penye jambo nililoshindwa kukueleza kwenye simu, nawe ni muuguzi na litakuuma kwa namna yake. Baba alijua. Daktari wa macho alishamwambia kwamba jicho la kushoto limebaki pambo, na la kulia nalo limeanza kufuata nyayo za mwenzake, na dawa zinachelewesha tu. Alituficha. Alisema hakutaka uanze kumsemesha kwa ile sauti unayoitumia kwa wagonjwa. Tangu siku aliyoikwaruza nguzo ya geti alikuwa ameshajipangia kuacha, ila alitaka kwanza aikate kona yake, na mwalimu wa kweli akiwa pembeni asije akaumiza mtu. Nilimkemea hapo hapo, kwa sababu mwenye mkokoteni hakuwa ameombwa ruhusa. Alikubali kosa. Aliteremka, akamfuata yule mwenye mkokoteni kule nyuma, akamtaka radhi.

Tukabadilishana viti. Nilidhani mambo ya gari yamekwisha, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia muuzaji. Baba akasema anamnunua Nyigu.

Nilimuuliza kama amesikia nilichomwambia. Akasema amesikia, na ndiyo maana. Akanieleza polepole, anavyoeleza mambo ambayo ameshayafikiria siku nyingi. Kuanzia sasa, alisema, atakuwa mtu wa kupelekwa: kwa daktari, sokoni, kaburini kwa mama. Akinunua Godoro tutampeleka kwa sababu ni wajibu, tukitazama saa, na kila mmoja atamsukumia mwenzake zamu. Lakini aliutazama uso wangu nilipokuwa nikimwendesha Nyigu, na akaona mtu anayetaka kurudi. Gari zuri, alisema, dereva hakosekani. Kwa hilo jicho moja lililobaki anataka kuwaona binti zake wakigombania kuja kumchukua, hata kama ni kwa ajili ya gari.

Nilikuwa nimekuja na hoja zangu zote, za mashimo, za buti, za mafuta kunywewa kama maji, na hakuna hata moja iliyokuwa na maana tena. Nikamwambia amnunue. Kwa hiyo sasa unajua: ulinituma nizime wazo la gari nami nimelibariki. Nifokee, ila ujue ningelibariki tena.

Nyigu amefika nyumbani tangu juzi. Majirani wanatoka nje kumsikiliza. Baba hukaa kiti cha abiria akitangaza ishara za upande wake mzuri, na za upande mwingine ananiachia mimi, nami nazitaja kwa sauti, mwanamke mzima, madirisha yakiwa wazi. Watu wanatushangaa. Jana nilipitia kwake bila kazi yoyote na nikamkuta ameshavaa viatu.

Nisalimie shemeji, umwambie asikucheke utakapoanza kupenda magari uzeeni. Wabusu watoto. Waambie babu yao atawapokea kituoni, na anayeendesha ni mimi au wewe. Baba anakusalimu sana. Anasema likizo ikianza uje nao mwenyewe, usiwatume, na kama una la kusema kuhusu jicho, ulisemee barabarani.

Muuzaji alitupa funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili ndio huo niliobandika nyuma ya ukurasa huu; baba aliufunga mwenyewe kwa karatasi, akaandika jina lako. Nilimuuliza wa kwake uko wapi, akasema hahitaji.

Mdogo wako akupendaye,
Mwalimu