Siku Muhuri wa Ofisi Ulipokwenda Tororo

Mtaa wa Sofia,
Busia, Uganda.
Jumatano, 27 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Kulusumu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kwamba goti limepunguza maumivu tangu ulipoanza kulikanda kwa mafuta ya mwarobaini. Sisi hapa hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la malori, ila anasema hicho ni kikohozi cha Busia, si cha ugonjwa. Baba hajambo kabisa, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, maana kwenye simu mtandao hukatika kabla sijafika katikati.

Uliponipigia baada ya Idi ulinipa kazi moja. Ulisema kaka yako asiachwe barazani kutwa nzima kama gunia lililokosa mpokeaji, kwa kuwa tangu kiharusi kile cha Ramadhani mguu wa kushoto umelegea, na moyo nao umeanza kuufuata. Nilikuahidi kwamba kila Jumapili nitamtoa matembezi, hata kama ni hapa karibu. Sasa naungama: Jumapili tatu za Julai niliivunja ahadi hiyo.

Miezi hii ya katikati ya mwaka ndiyo migumu kwetu. Mahindi yanavunwa, malori yanapanga foleni kuvuka kwenda Kenya, na ofisi yetu ya uwakala wa forodha haifungwi hata siku moja. Mimi nilikuwa karani wa mkataba wa miezi sita, na bosi wetu, Bwana Geoffrey Oundo, alikuwa aamue mwisho wa Agosti kama nibaki au niondoke. Kwa hiyo kila aliponiita nilikwenda. Sikuwahi kusema hapana. Maggie, karani mwenzangu kutoka Lumino, alikuwa akinitania kwamba hata siku ya kufa kwangu nitamwomba Bwana Oundo ruhusa kwanza, na akichelewa kujibu nitasubiri.

Jumapili ya kwanza tulipanga kwenda Busitema kumwona binamu Swabur chuoni. Baba alivaa kanzu nyeupe na viatu vya Idi tangu saa mbili asubuhi. Saa tatu simu ikalia, nikaenda kazini. Jumapili ya pili ilikuwa Lumino, kula samaki. Alivaa tena, nami nikaenda kazini tena. Jumapili ya tatu nilipotoka chumbani nilimkuta amevaa ndara. Aliniambia kwa upole kwamba kazi ni kazi, nisijisumbue naye. Afadhali angenigombeza, Shangazi.

Wiki ile niliandika barua ya kuomba ruhusa nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana, mpaka nne. Ya tano niliipeleka. Nilisimama mlangoni kwa Bwana Oundo hadi Maggie akanisukuma kwa kiwiko. Aliisoma mara mbili, akauliza kama nimepata msiba. Nikasema hapana, nina baba. Akatazama yadi iliyojaa malori, akasema nichukue Jumapili ya tarehe kumi, hiyo moja tu, na simu iwe wazi.

Basi tukaenda Tororo, mimi, Baba na Mama, kwa gari la jirani yetu Emoit. Baba mwenyewe ndiye aliyechagua. Alisema katika miaka thelathini ya udereva amelipita lile jiwe kubwa la Tororo labda mara elfu mbili, na kila mara alikuwa anakimbizana na mizigo ya watu. Hakuwahi kusimama hata kunawa uso. Emoit aliendesha taratibu, na kila lori lililotupita Baba alilitolea hukumu: huyu breki zimekwisha, huyu hajalala, huyu amebeba mpaka dhambi za tajiri wake.

Tulitandika mkeka kwenye nyasi chini ya jiwe. Mama alikuwa amepika pilau tangu alfajiri. Nilipokuwa natafuta vijiko mkobani, mkono wangu ukagusa kitu kizito kilichofungwa kwenye leso. Ulikuwa muhuri wa ofisi.

Ngoja nieleze. Siku hizi mengi hufanywa kwa kompyuta, lakini kwetu lori halitoki yadini bila barua ya kukabidhi mzigo iliyogongwa muhuri, na muhuri uko mmoja tu. Mwaka jana kuna mtu aliugonga kwenye karatasi ya uongo. Kwa hiyo mimi, kwa uoga wangu, nilijizoeza kuondoka nao kila jioni na kuulalia chini ya mto. Hakuna aliyeniagiza. Jumamosi ile niliuchukua kama kawaida, nikasahau kwamba kesho yake siendi kazini.

Simu ililia nikiwa bado nimeushika. Bwana Oundo alisema yuko yadini, malori matano ya mahindi yako tayari, madereva wanapiga honi, na droo ya muhuri ni tupu. Nikamtazama Baba. Hakuwa amesikia maneno, lakini aliusoma uso wangu, akaanza kupapasa nyasi akitafuta fimbo yake ili ainuke. Mama alikuwa amekwisha kufunika sufuria. Walikuwa wameshazoea.

Hapo ndipo nilipoyatamka maneno ambayo sikuwahi kumwambia.

"Bwana Oundo, muhuri ninao mimi, na kosa ni langu. Lakini sirudi Busia sasa hivi. Nimekaa na baba yangu chini ya jiwe la Tororo. Tuma mtu aufuate."

Akakata simu.

Baba aliacha kutafuta fimbo. Mama akafunua sufuria. Nilikula, lakini usiniulize ladha ya pilau ile, kwa maana kila tonge nililolimeza nilijiona nimeshafukuzwa.

Hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, amefura, akanyoosha mkono kabla hata ya kusalimia. Nilipiga goti nikampa muhuri kwa mikono miwili. Alikuwa ameshageuka kwenda zake Baba alipomwita.

"Karibu, mwanangu. Kwetu mgeni haondoki na mdomo mkavu."

Bwana Oundo akasema madereva wanamsubiri. Baba akacheka, na tangu Ramadhani sikuwa nimekisikia kicheko chake.

"Mimi nilikuwa dereva. Lori halijui Jumapili, ila dereva anaijua. Hao wanaokupigia honi, wape saa moja walale. Watakushukuru kuliko mimi."

Mama, ambaye hangoji watu wamalize kubishana, alikuwa ameshapakua sahani. Bwana Oundo aliitazama sahani, akatazama saa, akavua viatu akakaa ukingoni mwa mkeka. Alikula sahani mbili. Alimweleza Baba kwamba mara ya mwisho kufika pale alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na kwamba ana mabinti wawili nyumbani aliowaahidi matembezi tangu Krismasi. Kisha akasema anajinyoosha dakika tano tu. Alilala fofofo, muhuri umo mfukoni mwa shati, mkono juu yake. Mama akamkinga uso na jua kwa mtandio wake.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Maggie. Nilipokea nikamwambia bosi amepumzika, madereva wangoje saa moja. Maggie aliniuliza kama nimemfunga kamba. Baadaye alinisimulia kwamba madereva walipoambiwa, walizima injini mmoja baada ya mwingine wakalala chini ya magari, na yadi ikatulia hata akasikia kuku wa jirani.

Bwana Oundo alipoamka alimshukuru Mama, akafunga kamba za viatu, akaenda. Mimi hakuniaga. Baba akataka kulipanda jiwe. Mimi na Emoit tulimshika huku na huku mpaka pale zinapoanzia ngazi za kupandia. Akalipiga jiwe kofi, kama dereva apigavyo tairi kuona kama lina upepo, akasema lingali zima. Tulirudi mkekani tukicheka.

Jumatatu nilikwenda ofisini nikiwa nimeshajiaga mwenyewe. Bwana Oundo alinipa barua ya onyo kwa kutoa muhuri nje ya ofisi. Nimeisaini, imo kwenye faili langu, na nilistahili. Halafu akatoka na gundi akabandika ukutani ratiba ya mapumziko aliyoiandika kwa mkono wake. Maggie, ambaye ni Msabato, kapewa Jumamosi. Mimi Jumapili. Naye mwenyewe kajiandikia Jumapili mchana. Zile Jumapili tatu za Julai amenirudishia kwa siku tatu za katikati ya wiki. Muhuri sasa unalala kabatini, na funguo tunazo wawili, mimi na yeye.

Na jana, Shangazi, aliniita tena. Nilikwenda na hofu yangu, ndivyo nilivyo. Alinipa mkataba wa miaka miwili. Maggie aliunyakua akawasomea madereva dirishani kwa sauti kubwa, nao wakapiga honi zote pamoja.

Lumino tulikwenda tarehe kumi na saba, na Baba alimaliza samaki mzima. Jumapili iliyopita nilipanga Busitema, Mama akakataa. Alisema kutembea nako ni kazi, naye anataka kulala. Tukalala nyumba nzima mpaka adhana ya alasiri. Basi hivyo ndivyo tulivyokubaliana: Jumapili moja tunatoka, nyingine tunajilaza.

Baba na wifi yako wanakusalimu sana. Nisalimie binamu Shafic na mkewe, na mbusu kwa niaba yangu yule mtoto wao ambaye bado sijamwona. Mwenyezi Mungu akuzidishie umri na aibariki kila kazi ya mikono yako.

Leo ni siku ya kwanza kati ya zile tatu nilizorudishiwa. Ni saa nne asubuhi, siku ya kazi, malori yananguruma barabarani, nami nimelala kifudifudi mkekani nakuandikia. Simu nimeizima.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata akiwa na hofu,

Nasifa