Kadi ya Neno Disko

Jumapili, tarehe 14 Juni

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu sote, na pole kwa kazi. Shangazi amemwandikia Mama kwamba siku hizi mnapiga pasi mashuka ya nyumba mbili za wageni na mikono yako imeanza kuchubuka. Inaendelea vipi? Bibi anasema upake mafuta ukishamaliza kazi, si kabla, usije ukachafua mashuka ya watu. Sisi tu wazima, ila tumechoka. Mama mgongo unamsumbua kwa sababu ya kuinamia cherehani, Baba hasemi sana, na Bibi anasikia anachotaka kusikia. Leo nimeapa kukueleza kila kitu bila kuacha hata nukta. Ukiona mwandiko umepinda mahali, ujue hapo palinishinda kidogo.

Habari zenyewe zinaanzia shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametupa kazi ya kutengeneza kamusi ya darasa. Kila mwanafunzi aliokota karatasi moja kwenye kopo, na kila karatasi ilikuwa na neno moja. Unapewa kadi ngumu, unaandika maana ya neno lako, kisha unazunguka mtaani kusikiliza watu wanavyolitumia. Hairuhusiwi kutunga sentensi. Lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu, na chini yake unaandika kazi ya mtu huyo, si jina lake. Mwenzangu wa dawati aliokota "kikombe", akafurahi. Mimi niliokota "disko".

Nilitamani kulirudisha koponi, Dada. Neno hilo halitamkwi nyumbani tangu siku Baba alipokuondoa shuleni na kukupeleka kwa Shangazi kwa kosa la kwenda disko. Huu ni mwaka wa pili. Redio ikilitaja, Mama huizima kisha husema betri zimekwisha. Nilimwomba mwalimu anibadilishie. Alinijibu kwamba kamusi inayoruka maneno magumu haina tofauti na daftari la kuchorea, akanipa kadi.

Basi nikazunguka. Maana ya kwanza haikunisumbua: ni mahali au sherehe ambapo watu hucheza muziki wa kwenye mashine, taa za rangi zikizunguka. Lakini watu, Dada, wana disko zao. Kinyozi wa kona anaita disko ile taa ya dukani kwake inayowaka na kuzima; alilalamika kwamba juzi amemnyoa mteja nusu kichwa kwenye mwanga na nusu kwenye disko, na mteja hajarudi. Muuza viatu alisema viatu vya disko ni vile vinavyong'aa mpaka aliyevivaa anasahau kwamba vinambana. Jirani yetu mshona mikoba, ambaye sasa ni mjamzito, alisema mtoto amempigia disko tumboni tangu alfajiri na hata hakumwomba ruhusa. Kijana wa chuo aliyepanga chumba kwa kinyozi aliniambia kwamba kwao kudisko ni kufeli mpaka ukaondolewa chuoni. Alilisema kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa, akanisihi nisije nikamwandika. Nilipomuuliza Bibi, aliuliza kama Disko si yule bwana aliyekuwa akiuza mikeka. Nikamwambia hapana. Akasema basi hata hivyo nikimwona nimsalimie.

Nilicheka njiani peke yangu, na kucheka kwenyewe kukanichosha. Nilijua nimezunguka mtaa mzima ili nisifike chumba cha pili, anakokaa Mama na cherehani yake.

Nilimfuata Alhamisi baada ya kutoka shule. Alikuwa akitia mikono kwenye mashati ya sare, rundo zima, pini zimejaa mdomoni. Nilimweleza kazi ya mwalimu, nikamwomba sentensi moja tu yenye neno hilo. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, kisha akasema kwamba disko lilimchukulia mtoto. Hakulia. Aliniambia niandike "mshonaji" chini yake, na nisikosee herufi. Kisha akaendelea kushona, na nikaona ameshona mkono wa shati ndani nje.

Sikuweza kuiandika, Dada. Ijumaa nilimpelekea mwalimu kadi bila sentensi ya Mama. Alisoma zote, akacheka kwa ile ya kinyozi, lakini akasema imepungua moja: kila mwandishi wa kadi lazima aongeze ya kwake, tena iwe ya kweli. Nilikaa na kadi ile mpaka wenzangu wote walipotoka kwenda kunywa maji. Hapo ndipo nikaandika: "Aliyekwenda disko siku ile ni mimi." Chini yake nikaandika "mwanafunzi".

Ni mimi, Dada.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, ingawa hainipunguzii kitu. Wiki nzima wasichana wa darasa letu walikuwa hawana hadithi nyingine ila disko la mchana pale ukumbini, lile la vijana, linalomalizika kabla jua halijazama. Kila nilipowauliza liko vipi waliniambia nikanyonye kidole. Jumamosi ile wewe ulikuwa umetoka kwenda kusoma, Mama alikuwa sokoni kutafuta nyuzi. Nilichukua gauni lako la manjano lenye ndege weusi, lile Mama alilolishona kwa masalio ya mapazia, nikalikunja kiunoni na kulifunga mkanda lisiburute. Ukumbini walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi ili mchana ufanane na usiku. Nilisimama ukutani karibu na spika mpaka meno yakatikisika. Nikacheza muziki mmoja, vibaya, nikarudi mbio nyumbani. Gauni lilikuwa limelowa jasho, kwa hiyo nikalifua upesi na kulianika.

Unakumbuka kilichofuata. Fundi rangi anayefanya kazi na Baba alikuwa akipaka ukuta wa nje wa ukumbi. Hakuona uso, aliona ndege weusi mgongoni, na mtaa mzima hakuna gauni jingine la mapazia yale. Alimwambia Baba kwa utani kwamba binti yake anajua kukimbia na muziki. Baba akafika uani, akakuta gauni linachuruzika maji kwenye kamba. Uliporudi ulisema ulikuwa darasani peke yako, unasoma. Baba alikuuliza, kama ulikuwa unasoma, gauni limelowa kwa sababu gani, nawe ukasema hujui, na kweli hukujua. Nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo. Nilijiambia nitasema kesho, hasira ikishapoa. Kesho yake ulikuwa unafunga sanduku. Ulinikumbatia ukaniambia nisome kwa niaba yetu sote wawili. Nimesoma, Dada, lakini kila nilipopata maksi nzuri nilitamani kujificha. Mtu akichoka kwa kazi hulala akaamka mzima. Uchovu huu mimi ninaamka nao.

Mwalimu alipoisoma sentensi yangu aliniuliza kama ni mfano au ni habari. Nikasema ni habari. Alinirudishia kadi, akasema hawezi kuibandika ukutani kabla haijasomwa na wanaohusika.

Kwa hiyo jana asubuhi nilimpelekea Baba karakana. Alikuwa akipiga randa fremu ya mlango. Alifuta mikono, akaisoma kadi taratibu toka juu, hata ile ya viatu, mpaka akafika chini. Kisha aliniuliza mambo mawili tu: gauni lilifuliwa na nani, na kama Mama alijua. Nilimjibu kwamba nililifua mimi, na Mama hakujua. Nilingoja kofi, na kusema kweli nililitaka. Hakunigusa. Alirudi kwenye fremu, akapiga randa pale pale alipokwisha kupiga, mpaka fundi rangi akamwambia mzee, mlango huo sasa utawatosha kuku. Hapo ndipo akaketi juu ya mbao, akawa anarudia kwamba mara tatu ulimwambia si wewe. Mara tatu, alisema, na ulimtazama machoni.

Mchana tulikaa wote sebuleni, kadi ikasomwa tena. Mama aliniambia niende nikamwoshee vyombo, na mpaka sasa ninapoandika hajaniambia neno jingine. Nilisikia wakizungumza. Baba alisema yeye hajui mtu mzima anamwombaje radhi mtoto wake, hakufundishwa. Mama akamjibu kwamba mdomo uliomfukuza mtoto ndio huo huo utakaomrudisha, na asitafute wa kuazima. Bibi, ambaye tulidhani amelala, akasema Baba apige pasi shati lake, maana anakwenda kwa wapiga pasi.

Baba atafika kwa Shangazi Jumamosi ijayo, kwa basi la asubuhi. Jana jioni alipitia kwa mwalimu wangu kuulizia nafasi yako, naye amesema ukija kabla ya muhula kuanza, atakuombea mwenyewe kwa mkuu wa shule. Baba amesema hatakulazimisha. Amesema pia kwamba nami niende naye nikakuambie haya kwa mdomo wangu, maana karatasi haioni haya. Ninataka kuja, lakini ninaogopa kukuharibia siku yako. Wewe ndiye uliyekaa huko muda wote huu, kwa hiyo uamuzi ni wako, si wa Baba wala si wangu.

Mpe Shangazi heshima zangu, na wenzako wa kwenye pasi. Bibi anakusalimu, Mama pia, ingawa hajui kama ninaandika. Barua hii ninaipeleka posta kesho kabla ya kengele ya kwanza. Ukijibu siku utakayoipata, jibu litanifikia Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako,
Karani

Nije naye Jumamosi, Dada, au aje peke yake?