Nyabise ameshachukua sabuni

Jumanne, Kamunyonge

Nilidhani nimemsaidia Mzee Magesa wa duka la mgao. Macho hayamsaidii, kwa hiyo watu wanataja majina ya wenzao na kuondoka na sukari yao. Yangu ilienda hivyo. Nikamshauri amwulize kila mtu siri: jina la kikwao alilorithi kwa bibi au babu.

Leo kaanza. Anauliza kwa sauti ya mnadani, foleni nzima inasikia.

"Mzee, siri haiulizwagi hivyo."

"Nikinong'ona watasema napendelea."

Nikajibu: Nyabise. Sabuni ilikuwa haijafika, akasema nirudi jioni.

Jioni Nyabise alikuwa ameshachukua. Nguo za watoto nitaendelea kufulia majani ya mpapai.

Magesa kanionea huruma. "Mwalimu, huna bibi mwingine?"