Bushi Hukazwa Gari Likiwa Chini

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Nyeri hatujambo. Guka wako anapalilia kahawa akiimba vibaya kama kawaida.

Unauliza mbona bushi mpya za gari lako, zile raba za mikono ya magurudumu, zimepasuka upesi. Ulizikaza gari likiwa juu ya jeki. Likishuka, mpira wa bushi hujipinda. Lishushe kwanza, ndipo ukaze.

Tulipooana, guka alikuwa akikosea vivyo hivyo kwa pikapu yetu ya kabeji. Nilipomwambia aishushe ibebe uzito, alinuna. Nikapanda nyuma, nikaketi juu ya kabeji, nikikataa kushuka mpaka aishushe. Mama yake, aliyekuwa bado hajaamua kama ananipenda, akapanda kando yangu.

"Ishushe," akamwambia, "na umsikize bibi yako."

Nilipoteremka, nilikuwa mtu wa boma hilo.

Cucu wako