Ini Langu na Kiapo cha Baba

Ndugu yangu, natoka hospitali.

Si unajua dada yangu anapiga ultrasaundi? Wameletewa kompyuta ya akili mnemba inayosoma picha za ini, akataka tumbo la mtu mzima wa afya la kuijaribia. Nikajilaza kwa mbwembwe. "Pima, uone chuma."

Ikasema ini limejaa mafuta. Dada akacheka, "Bado changa hii, haijui watu." Akarudia mara tatu. Mafuta. Akaacha kucheka, akamwita daktari.

Daktari akaitazama picha mwenyewe, akakubaliana nayo. "Unakunywa pombe?"

"Sijawahi kuionja."

"Wote husema hivyo."

Wote husema hivyo! Hayo ndiyo niliyomwambia baba, ini lilipokuwa linamuua, naye akiniapia hajawahi kuonja.

Kisha daktari akasema ugonjwa huu huwapata hata wasiokunywa, tena huandama ukoo.

Dada akanifuta jeli tumboni. Halafu akasema, "Baba naye aliapa."

Lile shairi nililomtungia baba, "Mlevi wa Siri", ukalisifia vina, bado unalo kwenye simu? Lifute. Mimi ninalo kwa ghibu, halifutiki.