Namwimbia Mjane Asiyejua Kuwa ni Mjane

Barua hii ilinifikia hapa Kigoma mwaka jana, 1973, kwa mkono wa mfanyabiashara wa dagaa. Sikuichapa wakati ule, maana mtu inayemhusu angeweza kuisoma gazetini kabla hajaambiwa nyumbani kwake. Nilimjibu mwandishi faraghani, kwa mkono wa mfanyabiashara yuleyule. Sasa mambo yamekwisha kama yalivyokwisha, na mwandishi mwenyewe ameniruhusu kuitoa. Majina yote nimeyabadili.

*

Mama Mwanahamisi, amahoro.

Mimi ni musomaji wako wa Rumonge. Gazeti lenu linatufikia likiwa limefungiwa sabuni, lakini ukurasa wako tunausoma mpaka mwisho, na leo ni mimi ninayekuja mbele yako nikitaka musaada, kwa sababu usingizi umenikimbia na hata kuimba kunanishinda, na kuimba ndiyo kazi yangu.

Jina langu ni Shafii. Naimba katika orkestri ya hapa tangu sherehe za uhuru. Siku ile uwanjani, wapiga ngoma walipomaliza, wakubwa walitaka vijana wa kuimba Kiswahili, mimi nikasukumwa mbele mikono mitupu, ndipo akatokea kijana nisiyemujua, ameshika gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao za sanduku na waya za breki ya baiskeli, akaniuliza, "Unaimba kwa sauti gani?" Nikamwambia sijui. Akacheka, akasema, "Anza tu, nitakukuta." Huyo ndiye Jean-Pierre, na miaka yote iliyofuata sikuanza wimbo hata mumoja akakosa kunikuta.

Baadaye alikuwa mwalimu wa shule ya musingi, akaoa Cibalonza, binti wa Kongo ambaye kaka yake anakaa Uvira, wakapata mutoto wa kike. Juma nzima anafundisha, Jumapili anapiga gitaa. Mukubwa wetu wa orkestri, Aruna, ndiye mwenye vyombo. Siku moja tulikuwa tunatoka Bujumbura kupiga harusi, mvua ikaangusha mulima barabarani pale Gitaza, tukalala katikati ya wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa kwetu, na Jean-Pierre akakaa juu ya jiwe na gitaa lake akatunga wimbo wa muke wake. Unaitwa "Ningoje". Unasema, ningoje mama, usiondoe chungu motoni, barabara ya Muhuta ni ndefu lakini ndiyo hii natembea. Tukaenda kuurekodi kwenye redio, mikro moja kwa watu saba, yeye anaimba, mimi nampokea, na ulipotoka hakuna nyumba ya hapa ziwani ambayo haikuujua. Kila matine, muziki wetu wa Jumapili mchana, watu walitaka tuupige mara mbili, na Cibalonza alikuwa anakaa karibu na jukwaa na mutoto mapajani, anaangalia chini kwa haya.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Sitaandika mengi. Mwisho wa mwezi wa ine walikuja watu wenye mapanga, wakaua, na baada yao wakaja askari, na waalimu na watu waliosoma wakaitwa. Jean-Pierre alitoka darasani na chaki mukononi. Cibalonza aliambiwa kwamba anakwenda kuulizwa maneno kidogo tu. Hakurudi, na hapa kwetu hakuna aliyekaa matanga kwa ajili ya watu wale, kwa sababu kulia kwenyewe kulikuwa kosa.

Muziki ulinyamaza miezi mingi. Tuliporuhusiwa kuanza tena, mchana tu, matine ya kwanza Cibalonza alikuja. Akakaa pale pale anapokaa siku zote. Akamwomba Aruna apige "Ningoje". Tukaangaliana, lakini nani angemukatalia? Nikaimba sehemu ya Jean-Pierre. Mama, uso wa yule mwanamke ulifunguka, na tangu siku hiyo kila Jumapili anakuja, na mimi kila Jumapili namwambia kwa sauti ya mume wake kwamba niko njiani narudi.

Wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa natumaini. Leo situmaini tena. Iko mutu mumoja, Mustafa, dereva wa lori la mawese. Mwezi uliopita alinifuata nyuma ya soko, akasema, "Shafii, mimi siwezi tena kusikiliza ule wimbo." Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia lori lake lilichukuliwa kwa nguvu mwezi wa tano ule, na yeye akalazimishwa kuliendesha, na kwamba Jean-Pierre alikuwa ndani yake, na mahali walipofikia alimwona akifa. Si kusikia, alimwona kwa macho. Kisha akanishika mukono, "Ukimwambia, atalia. Akilia watauliza nani kamwambia. Mimi nina watoto."

Nikamwambia Aruna. Akasema, "Funga kinywa. Watu wanakuja kwa wimbo ule, na mama yule anakuja kwa wimbo ule. Unataka kumunyang'anya?" Muke wangu Mwamini anasema, "Kila Jumapili unamudanganya mwenzangu mbele ya watu." Na mimi nikimwangalia Cibalonza anavyotabasamu, ulimi unakufa.

Sasa jambo limebana. Nyumba anayokaa ni ya waalimu, na direkteri wa shule ameipa mwalimu mupya. Kaka yake amekuja kutoka Uvira kumuchukua, naye anakataa, anasema mume wake akirudi akute mulango umefungwa? Nilikuwa nimekaa nao barazani. Kaka akamwambia kwa upole, "Dada, huyu mutu amekufa." Cibalonza hakukasirika. Akanielekezea kidole, akasema, "Muulize Shafii. Walikuwa kama mapacha. Jean-Pierre angekuwa amekufa, Shafii angeweza kuimba vile?"

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema nakwenda kusali, nikaondoka.

Kaka yake amerudi Uvira, atakuja tena mwisho wa mwezi. Nifanye nini, mama? Nikisema naweza kumuponza Mustafa, na mama huyu anaweza kuanguka pale pale. Nikinyamaza, atafukuzwa katika ile nyumba na kukaa barabarani anangoja. Na Jumapili inakuja.

Murakoze.
Shafii, Rumonge

*

Shafii mwanangu,

Pole. Pole kwa rafiki yako, Mungu amrehemu, maana naona katika barua nzima hakuna mtu aliyekupa pole wewe. Nawe umefiwa.

Sasa nikuseme. Ulipoondoka pale barazani ukasingizia sala, ulimjibu yule mwanamke. Ulimjibu uongo. Mpaka siku ile ulikuwa unaimba tu, na mtu anaweza kusema wimbo ni wimbo. Lakini alipokunyooshea kidole mbele ya kaka yake, alikufanya shahidi, na shahidi hana ruhusa ya kuinuka akaenda zake. Tangu hapo si Jean-Pierre anayemngojesha. Ni wewe.

Unajiambia unamhurumia. Nadhani unajihurumia mwenyewe pia, na sikulaumu sana. Ukiendelea kuimba kwa sauti yake unampata rafiki yako kwa dakika chache kila Jumapili. Mkeo ameliona hilo kabla yangu, ila kwa heshima yako hakulisema. Msikilize Mwamini. Na huyo Aruna mwambie atafute wimbo mwingine wa kumjazia watu.

Hofu ya Mustafa siichezei. Mimi niko ng'ambo, naweza kuandika nikitakacho. Yeye yuko huko na watoto wake. Kwa hiyo fanya hivi.

Kwanza mwendee Mustafa, usimzunguke. Siri ni yake kabla haijawa yako. Muulize kama yuko tayari kusema mwenyewe, lakini si Rumonge. Dereva hakosi safari ya kwenda mbali. Akikataa, usimlazimishe, utasema wewe, na jina lake hulitaji.

Pili, habari hii isitolewe mahali ambapo mtu hawezi kulia. Itolewe Uvira, uani kwa kaka yake. Lakini angalia sana, Shafii: usimvushe mpakani kwa hila. Usimwambie mnakwenda harusini, wala kwamba kaka yake anaumwa. Amedanganywa vya kutosha. Mwambie, mkeo akiwa kando yako, mchana, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Kuna habari za mume wako. Haziwezi kusemwa hapa. Twende Uvira." Kisha nyamaza umwachie aamue. Ni mtu mzima. Akikubali, kaka yake apate habari mapema, akae nyumbani awangoje. Akikataa kwenda, hapo hapo umwambie, kwa sauti ndogo, Mwamini akiwa amemshika.

Tatu, mkifika, sema "amekufa". Usiseme ametutoka, usiseme amelala, usiseme hatutamwona karibuni. Mwanamke anayengoja atashika neno lolote lenye mwanya na kungoja ndani yake miaka kumi mingine.

Akikutukana, pokea. Akikupiga, pokea. Usijitetee kwamba uliimba kwa kumpenda rafiki yako. Hiyo ni kweli, lakini siku hiyo si yako.

Na Jumapili hii inayokuja usipande jukwaani. Sema koo linauma. Sidhani kama utakuwa umesema uongo.

Mwanahamisi

*

Haya ndiyo aliyoniandikia baadaye.

Mama Mwanahamisi,

Nilifanya ulivyosema. Mustafa akasema, "Nitamwambia mimi. Nilimuchukua mimi."

Tulimukuta Cibalonza anachambua mbegu za mawese nyuma ya nyumba. Nilisema yale maneno, Mwamini ameketi karibu yake. Nilifikiri atauliza. Hakuuliza. Alinawa mikono, akamuvalisha mutoto, akafunga mulango na ufunguo akampa jirani. Alipanda lori la Mustafa mbele, kati yake na Mwamini, mimi nikakaa juu ya mapipa ya mawese. Mwamini aliniambia kwamba njia nzima hakusema neno, isipokuwa mara moja alimuuliza Mustafa kama amekula.

Kaka yake alikuwa anatungoja uani kwake, mukeka umetandikwa. Mustafa hakukaa. Alisema akiwa amesimama, "Mama, mume wako amekufa. Alikufa siku ile ile waliyomuchukua. Mimi ndiye niliyeendesha."

Cibalonza akamwangalia, akauliza, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Walikuwa wengi."

"Kuna waliomujua?"

"Mwalimu mwenzake alikuwa amemushika mukono."

Akatikisa kichwa, akauliza tena, "Na wewe, walikupiga?" Mustafa akavua kofia. Akaketi chini vumbini, mutu muzima yule, akafunika uso.

Halafu Cibalonza akanigeukia. "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. "Na ukaimba." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ule wimbo usiimbwe tena na mutu yeyote mpaka mimi niseme." Nikakubali, na Aruna pia amekubali, ingawa kwa shida. Mpaka leo Cibalonza hajasema. Wala hajaongea na mimi tena; alipomuaga Mwamini, mimi alinipita. Ninaelewa.

Alilia sana, mama. Mwaka na zaidi wa kulia ulitoka wote mara moja. Majirani wakaanza kuingia, watu wa Uvira ambao hawakumujua Jean-Pierre hata kidogo, wakavua viatu na kukaa kwenye mukeka kama inavyotakiwa. Bibi mumoja akamuuliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Cibalonza akafuta uso, akalitaja jina la mume wake kwa sauti, lote, na jina la baba yake, na kilima alichozaliwa. Na kila aliyeingia baada ya pale, akamutajia tena.