Santuri ya Dympna

Salford, Jumapili

Mpendwa dada Dympna,

Kwa unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba Public Image Ltd, bendi yako uipendayo, si bendi ya watu wanaosinzia. Miaka arobaini nimekubishia kuwa kila bendi ya leo ni mjukuu wa Joy Division, bendi ya hapa kwetu Salford, wala si wa hiyo yako, kumbe santuri yako nilikuwa naipiga polepole, kwa kasi ya mizunguko thelathini na tatu kwa dakika! Binti yangu Orla ameniumbua: “Baba wee, hii ni ya arobaini na tano! Masikio umeyaweka wapi?” Dada, besi ile! Nimecheza mpaka goti likalia.

Ndiyo, santuri ile niliyokuambia imepotea. Haikupotea. Niliificha ulipohamia Leeds, ili uwe na sababu ya kurudi kuitafuta. Hukurudi, nami nikaona haya kukuita.

Kaka yako,
Cormac